Nataka kutuma sarafu za kuka (babu) Uingereza: paseli inafungwaje isichezewe njiani?

Mulembe_wa_Kisumu

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mimi niko Kisumu lakini nyumbani ni Kakamega, Shinyalu. Kuka yetu alipoaga alituachia mkebe wa Kimbo umejaa pesa za zamani, zile shilingi za simba na milima nyuma yake, sumuni, na senti za shimo katikati. Watoto walikuwa wanachezea hadi nikaficha.

Sasa mwaka juzi niliuza saba kwa jamaa wa Nairobi. Nikakunja kwa gazeti, nikatia kwa bahasha ya kaki, nikazungusha selotepu mpaka ikawa kama ule mpira wa makaratasi tulikuwa tunacheza nao primari, nikapeleka kwa kampuni moja ya kubeba vifurushi (jina nitaliacha). Jamaa akapokea, akafungua, tano. Bahasha iko sawa, selotepu iko sawa, sarafu mbili hakuna. Nikaenda kulalamika nikaulizwa swali moja tu, uko na nini ya kuonyesha zilikuwa saba na zilitokea kwetu, nikasimama pale kama mtu ameulizwa rent tarehe ishirini.

Kuna mnunuzi wa Uingereza anataka zile sarafu za shilingi, kumi na nne. Ameniambia nitume kwa rejista na nifunge vizuri. Hiyo "vizuri" ndiyo sielewi. Mnafungaje?

Omera_Kondele

Omera tafuta mtu anasafiri umpatie abebe mfukoni. Maneno kwisha.

Mulembe_wa_Kisumu

Na huyo mtu akisema zimepotea airport nitamfanya nini, na ni shemeji yangu?

Omera_Kondele

Hapo umenishika 😂

Mama_Paseli_Nakuru

Mwanangu pole. Nimekaa kaunta ya paseli hapa Nakuru miaka kumi na moja kabla nifungue duka langu, wacha nikwambie vile ilienda ata kama sikuwa hapo.

Kwanza ilipiga kelele. Sarafu saba kwa gazeti zikitikiswa zinalia kama kayamba, na hakuna kitu huita mkono kama pesa inayolia. Mtu hahitaji kujua ni za mwaka gani, yeye anasikia chuma.

Pili, watu wote mnafunga juu. Mnafunga pale bahasha inafungukia, mnapita mara kumi na selotepu, halafu chini kule kwenye kiwanda kiligundisha mnaacha hivyo. Mwizi hafungui juu! Anageuza chini, anaingiza wembe kwa ile pembe, anatoa kitu moja mbili (si zote, akitoa zote utajua mapema kwa uzito wa mkono), anarudisha gundi kidogo. Na hiyo selotepu yenu ya kuonekana ndani ndiyo rafiki yake mkubwa. Ukiipasha joto polepole inabanduka yote kama ilivyowekwa, na inarudishwa palepale. Ama anaikata na kupitisha ingine juu yake, na kwa vile wewe ulishazungusha raundi ishirini, nani atajua ya ishirini na moja ni ya nani?

Kwa hivyo wacha kuwaza paseli ambayo haifunguki. Hakuna. Kisu kinafungua kila kitu. Unatafuta paseli ambayo ikifunguliwa HAIWEZI kurudi vile ilikuwa, ndio yule wa mkono unaofuata akiangalia aseme hii mimi sipokei, irudi kwa yule amenipatia. Mwizi wa paseli haogopi wewe, anaogopa mwenzake wa shifti ingine asije akaandikiwa hasara yake.

Niko na wateja, nitarudi.

Omera_Kondele

Mama umeongea kama mtu alikuwa na huo wembe 👀

Mama_Paseli_Nakuru

Wewe kijana nitakuchapa. Nilikuwa yule wa kuandika ripoti.

Jaluo_Minnesota

Nawasoma kutoka baridi. Mama amesema kweli kabisa na huku Marekani posta imelifanya kuwa sheria. Barua ya rejista ilianza huku 1855 na mpaka leo ndiyo njia ya posta ya kutuma dhahabu, vito, sarafu, unaweza kuiwekea bima mpaka dola 50,000. Inaenda polepole sana kwa sababu kila mtu anaishika anaweka sahihi, inalala ndani ya kufuli, na anayefuata hapokei bila kuangalia.

Mara ya kwanza nilipeleka saa ya mkono, nimeifunga na selotepu kama wewe, yule mama wa kaunta akanirudishia bila kusema mengi. Akanionyesha kwa kidole, kila mahali pa kuungana lazima pafunikwe na tepu ya karatasi, ile ya kaki ina gundi kavu nyuma unailowesha na maji. Plastiki hapana. Sababu ni mbili. Moja, ile gundi ikilowa inaingia ndani ya nyuzi za katoni, ikikauka inakuwa kitu kimoja, ukiivuta inatoka na ngozi ya katoni. Mbili, wino. Wanagonga muhuri wa posta juu ya mishono yote, nusu ya muhuri inakaa kwa tepu na nusu kwa katoni. Kwa plastiki wino unateleza, kwa karatasi unaingia. Mtu akikata na kubandika tepu mpya ule mduara haukutani tena.

Na kama unadhani ni mchezo, ile almasi ya Hope, ya buluu, karati 45.52, tajiri wa vito Harry Winston aliituma New York mpaka makumbusho ya Smithsonian Washington mwaka 1958 kwa posta ya rejista. Alilipa dola 145.29 na stempu zenyewe zilikuwa dola 2.44 tu, zingine zote bima. Ilifungwa kwa karatasi ya kaki, ikaletwa na postman wa kawaida. Hiyo karatasi nayo imewekwa makumbusho ya posta, watu wanalipa nauli kwenda kuangalia karatasi ya kufungia!

Omera_Kondele

Sasa hiyo tepu ya karatasi Kisumu inauzwa wapi? Nimepita maduka ya vitabu mjini mpaka Kibuye, wananionyesha ile ya rangi ya ukuta.

Mulembe_wa_Kisumu

Hata mimi, na ile ya ukuta nimejaribu, inabanduka ikiangaliwa tu.

Mwalimu_Bungoma

Ile ya rangi usitumie, imetengenezwa ibanduke, ndiyo kazi yake.

Jamani mmesahau Januari? Kila mzazi humu amewahi kukaa chini na karatasi ya kaki kuweka vitabu kava. Ile tepu Jaluo anaongelea ni karatasi ya kaki na wanga, basi. Mimi nafunga mitihani ya mock na hii kitu miaka mingi. Fanya hivi.

Nunua karatasi ya kaki ile nzito, isiyong'aa. Kuna nyembamba yenye upande mmoja unaong'aa kama umepakwa mafuta, hiyo hainyonyi gundi na haitashika muhuri, achana nayo. Kata vipande virefu upana wa vidole vitatu. Chukua unga wa ngano vijiko viwili vya mezani, maji ya baridi kidogo, koroga mpaka mabonge yaishe KABLA ya moto. Ongeza maji kufika kikombe kimoja, weka kwa moto mdogo ukikoroga mpaka inakuwa nzito na inaanza kung'aa. Ipoe. Chuja na kitambaa kama mabonge yamebaki. Usiweke sukari ati ishike zaidi, mende wa Kisumu watakula mishono yote wakuachie katoni uchi.

Paka kwa karatasi, subiri kama dakika moja karatasi ilegee, ndio ubandike, halafu sugua na mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Hapo kwa kusugua ndipo watu wengi hukosea, wanapapasa tu na kiganja. Ikikauka vizuri, na kwa hali ya hewa ya huko kwenu karibu na ziwa mpe usiku mzima na mchana wake, jaribu kutoa na ukucha. Itachanika. Haitatoka.

Mtu atasema mvuke unaweza kuilegeza. Ndio unaweza, lakini karatasi ikishapigwa mvuke inakunjamana na wino unatanda, hairudi kuwa laini hata uipige pasi.

Omera_Kondele

Yaani uji. Tunalinda mali ya dunia na uji 😂😂

Lurambi_Shilingi

Mulembe ndugu. Kabla hujafika kwa uji naomba uniambie sarafu zenyewe umezifanya nini. Umeziosha?

Mulembe_wa_Kisumu

Mulembe muno. Nilikuwa nataka kuzisugua na majivu na ndimu jioni hii.

Lurambi_Shilingi

ACHA HAPO HAPO. Usiguse! Ile ngozi nyeusi juu ndiyo mnunuzi analipia, ukisugua umemaliza bei. Shilingi za simba za 1921 mpaka 1946 zina fedha ndani, robo, 250 kwa 1000. Za 1948 mpaka 1952 hazina, hizo ni shaba na nikeli. Angalia miaka kabla hata hujaongea bei.

Kufunga sasa. Usitumie lastiki ile ya kufungia pesa, raba ina salfa na inachora mstari mweusi kwa fedha. Gazeti pia hapana. Vile vimfuko vya plastiki laini vinavyonuka kama mpira mpya vikikaa na sarafu vinatoa uteute wa kijani, mtu wa Uingereza akiona hiyo anarudisha. Kata kadibodi ngumu nyeupe mbili za ukubwa sawa, weka sarafu moja moja kwa kikaratasi cheupe kisafi, zipange kwa kadibodi zisigusane, bandika kila kikaratasi na tepu kidogo (tepu ishike karatasi, isiguse sarafu), funika na ile kadibodi ya pili kama sandwichi, funga pande zote nne. Tikisa karibu na sikio. Ukisikia chochote, rudia.

Halafu kila moja ipige picha mbele na nyuma, na pima. Shilingi moja ni kama gramu 7.8. Kumi na nne ni karibu gramu 109.

Mama_Paseli_Nakuru

Huyo wa Lurambi amenigusa roho kwa hiyo ya kupima. Uzito! Watu hawajui uzito ni shahidi. Pale kaunta ya posta wanaweka kwa mizani na gramu zinaandikwa. Sarafu moja ikitoka ni gramu karibu nane, mizani inaona ata kama macho hayaoni. Usiondoke kaunta bila risiti yenye uzito, na uangalie mwenyewe kama ni ile ile ulipata nyumbani.

Sasa katoni. Box ndani ya box. Ile sandwichi inaingia kwa kaboksi kadogo, kaboksi unakafunga kote na kuandika anwani ya unayemtumia NA yako hapo ndani, kwa sababu ya nje ikichanika na mvua kuna mtu mzuri anaweza kuisaidia ifike. Halafu kaboksi kanaingia kwa katoni ngumu yenye mawimbi ndani, unajaza kando na karatasi zilizokunjwakunjwa ama ile nailoni ya mapovu watoto hupasua, mpaka ukifinya juu hakuna pa kuzama. Katoni ya viatu usitumie, kifuniko chake kinapanuka na ni laini.

Mishono yote upate karatasi ya kaki. YOTE. Juu, chini, na ule mmoja wa ubavuni wa kiwandani ambao kila mtu husahau. Ibandike ikae kama herufi H juu na chini, katikati mstari na mbavu mbili. Kabla gundi ikauke usiandike, ikikauka weka sahihi yako na kalamu ya wino ikatize ukingo wa karatasi, nusu huku nusu kule. Piga picha pande zote sita.

Boda_wa_Milimani

Niulize kama mtu wa kubeba. Mimi nikipewa mzigo umefungwa hivyo, sahihi kila mahali, mihuri, najua hapa ndani kuna kitu. Si ni heri ikae kama sabuni tu? Mnaitangazia wezi.

Jaluo_Minnesota

Hoja yako ina historia. Ile almasi kubwa zaidi, Cullinan, ilichimbwa Afrika Kusini 1905, karati 3,106, zaidi ya nusu kilo! Kuipeleka London wakatangaza kwa meli, wakaweka wapelelezi wakalinda sanduku mchana na usiku. Ndani ya sanduku lilikuwa jiwe la uongo. Almasi yenyewe ilienda kwa kaboksi ka kawaida, posta.

Lakini soma vizuri. Ilienda kwa posta ya REJISTA. Haikuachwa tu kwa gunia la barua.

Mama_Paseli_Nakuru

Nikuongezee boda wangu, karatasi ya kaki si kutangaza, karatasi ya kaki ni rangi ya katoni. Kutangaza ni kuandika juu PESA ZA ZAMANI, SHIKA POLEPOLE, THAMANI KUBWA na kalamu nyekundu. Niliwahi pokea moja imeandikwa DHAHABU YA MAMA. Nikamwita yule kijana nikamwuliza wewe uko sawa? Kwa nje majina na anwani peke yake.

Omera_Kondele

Na ile fomu ya forodha je? Si aandike tu "zawadi, vitambaa" thamani kidogo, asilipishwe?

Mama_Paseli_Nakuru

Hapana hapana hapana. Andika ukweli. Ukiandika vitambaa vya mia tano na zikapotea sarafu za elfu arobaini, utalipwa nini? Vitambaa vya mia tano, na hiyo ukibahatika. Mzigo mdogo wa thamani ndogo una fomu fupi ya CN22, ukipita pale inakuwa CN23 iliyo ndefu, jaza vile kitu kiko. Ikifunguliwa na forodha kwa haki, wanafunga tena na wanaweka alama yao, hiyo si wizi.

Na kabla ya yote nenda kaunta uulize kama hiyo nchi inapokea sarafu na kwa huduma gani. Pesa, vito na vitu kama hivyo haviingizwi kwa barua ya kawaida isiyo na rejista ama bima. Ukiziingiza kimya kimya ukapoteza, utaanzaje kulalamika?

Mwalimu_Bungoma

Na kama kuna mtu humu ana vitu vya zamani zaidi, sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu vya kabla ya 1895 kama mambo ya kale, kutoa nje kunataka kibali. Shilingi za simba ziko salama kwa hilo. Naachia hapo, niko na vitabu vya Form Two vya kusahihisha.

Hesabu_Section58

Nimechelewa lakini niweke yangu. Ukishapewa namba ya rejista, iangalie. Herufi mbili, tarakimu tisa, halafu KE. Rejista inaanza na R, EMS (ile posta ya haraka) inaanza na E. Ile tarakimu ya tisa si ya bure, inatokana na zile nane za kwanza. Zidisha kila moja kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawa kwa 11, ile inayobaki itoe kwa 11. Tuseme 10245630: 8+0+8+8+15+30+27+0 ni 96, gawa kwa 11 inabaki 8, 11 toa 8 ni 3. Kwa hivyo lazima iwe RR102456303KE. Ukipata kumi andika 0, ukipata kumi na moja andika 5.

Mbona nasema hivi? Nilikuwa nanunua simu mtandaoni, muuzaji akanitumia namba ya kubuni nikae nikingoja. Nikapiga hesabu kwa matatu kabla tufike Free Area nikajua nimeliwa. Pesa haikurudi lakini angalau sikungoja mwezi.

Omera_Kondele

Watu wa Nakuru mko na muda.

Mulembe_wa_Kisumu

Wakubwa, ripoti. Nimekaa siku tatu kwa hii kitu mpaka bibi ameuliza kama niko na mtu Uingereza.

Uji wa kwanza uliungua. Wa pili ulikuwa na mabonge nikabandika tu, karatasi ikawa kama barabara ya kwetu Shinyalu, nikabandua ikatoka na ngozi ya katoni kweli kweli, hapo ndipo niliamini. Nikatafuta katoni ingine Kibuye. Wa tatu ndio ulikubali. Mvua ilinyesha jioni mbili kwa hivyo nilingoja siku na nusu ikauke.

Jumla gramu 338 kwa mizani ya duka la jirani (mama anauza dagaa, katoni sasa inanuka kidogo, mnisamehe). Kwa kaunta ikasoma 340. Yule dada akaigeuza geuza, akapitisha kidole kwa mishono, akauliza nani alikufungia. Nikamwambia uji. Akacheka, lakini aligonga muhuri mishono yote bila mimi kuomba, na wino uliingia vizuri nusu kwa nusu vile Jaluo alisema. Nikajaza fomu ukweli mtupu, nikalipa bima, iliuma lakini nikalipa. Nimepiga hesabu ya Section 58 nikiwa bado kwa foleni, namba iko sawa.

Lurambi_Shilingi

Na hukuziosha?

Mulembe_wa_Kisumu

Sikuziosha. Naapa kwa mkebe wa kuka.

Mulembe_wa_Kisumu

Siku ishirini na tatu. Imefika. Amenitumia picha, mihuri yote miduara mizima, kona moja imebonyea tu. Mizani yake imesoma gramu 339. Kumi na nne zote.

Anasema alijaribu kufungua na mikono akashindwa, akajaribu na kisu cha jikoni, mwishowe akakata katoni katikati na msumeno. Ameuliza ile gundi ni ya kampuni gani, anataka anunue. Mwalimu, nimjibu vipi?

Mwalimu_Bungoma

Mwambie vijiko viwili, kikombe kimoja, na asiweke sukari.